Nani Anakuigiza Wewe?

Mwaka jana niliandika hadithi ndefu kuhusu utoto wangu wa Nsambya, hapa Kampala. Mwaka huu wenzangu wanaosoma maigizo wakataka kuigeuza iwe filamu ya dakika ishirini. Kati ya kalamu na kamera ndipo nilipogundua kwamba nimemkosea mtu yule yule mara ya pili. Nitaeleza ilivyokuwa, kwa sababu bila kisa chenyewe swali ninalotaka kuuliza litaonekana dogo: mtu akiandika riwaya kutokana na ujana wake, anatumia mali yake au ya watu?

Nilikuwa na umri wa miaka 11, na rafiki yangu alikuwa amenizidi mwaka mmoja. Tulichokipenda kuliko chakula ni kibanda cha video. Msomaji asiyeijua Kampala na aelewe kwamba kibanda kwetu si mabati na mabenchi tu. Ndani yake kuna VJ, mtu anayekaa na maikrofoni akiitafsiri filamu kwa Kiluganda inapoendelea, na kuongeza ya kwake kila picha inapolegea. Mchezaji wa Hong Kong akipigwa teke, VJ anasema huyo ni shemeji yake wa Mukono, anadaiwa kodi ya nyumba. Tulicheka mpaka machozi. Kwa kweli kusimulia nilijifunzia kule, kabla sijajua kwamba kuna somo linaloitwa fasihi. Kiingilio kilikuwa shilingi 300, na mara nyingi hatukuwa nazo.

Jirani yetu, mama mmoja muuza mkaa, alikuwa akiweka fedha zake katika kopo la siagi chini ya meza ya genge lake. Asubuhi moja nilichukua humo noti ya shilingi 5,000. Nilimwambia rafiki yangu kwamba nimepewa na mjomba. Tukaenda kibandani, tukaona filamu tatu, tukala chapati na mayai. Jioni mama wa mkaa alipofungua kopo lake alipiga yowe. Aliyeonekana gengeni asubuhi ile ni rafiki yangu, kwa kuwa ndiye aliyemsaidia kupanga magunia. Na mtoto asiye na kitu akionekana anakula chapati na mayai, watu hujumlisha wenyewe. Mtaani kwetu neno "mwizi" halina rufaa. Walimpiga vijana wanne au watano, watu tuliokuwa tukiwasalimia kila siku. Mkono wake wa kushoto ulivunjika, ukaunga vibaya, na hadi leo kiwiko hakinyooki. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya tangi la maji. Niliona yote. Sikusema neno siku ile, wala kesho yake, wala miaka 12 iliyofuata.

Katika hadithi niliyoandika mambo yalikwenda hivi: aliyeiba ni kijana mkubwa wa mtaa wa pili, mtu ambaye hajawahi kuwapo duniani. Msimulizi alikimbia kutafuta msaada, akachelewa. Mama wa mkaa alikuwa mwanamke katili mwenye sauti ya kukwaruza. Na mvua ilikuwa ikinyesha. Mhadhiri wangu aliisifu sana mvua ile.

Nilikuwa na jibu tayari kwa yeyote ambaye angenihoji: hii ni kazi ya kubuni, majina nimebadili, na kijana yule wa mtaa wa pili ni kiumbe changu, nafanya naye nipendavyo. Tena nilikuwa na pazia jingine, nalo ni lugha. Rafiki yangu husema Kiluganda. Kiswahili anachokijua ni kile ambacho watu wengi wa Kampala walikirithi kwa wazee wao, Kiswahili cha askari barabarani: simama, toa, kaa chini. Baraza la Mawaziri lilipitisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, lakini uamuzi huo haukumkuta darasani. Alikuwa ameacha shule zamani, na mkono ule ni sababu mojawapo. Kwa hiyo niliandika kwa utulivu, kama mtu anayemsema mwenzake mbele yake kwa lugha asiyoielewa. Nilijidanganya kwamba nimechagua Kiswahili kwa sababu ya kukipenda tu.

Filamu haikubali pazia hilo. Wenzangu walikwenda Nsambya kutafuta mahali pa kupigia picha, na vijana wa boda watakaopita nyuma ya wachezaji. Rafiki yangu anaendesha boda, na steji yake iko barabara hiyo hiyo. Wakamweleza kisa chote kwa Kiluganda ili aone kama angependa kushiriki. Alisikiliza hadi mwisho, akaomba namba yangu, akanipigia. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo aliimeza.

"Ndugu yangu," akasema, "nani atakuwa mimi?"

Nikamtajia kijana aliyechaguliwa.

"Na wewe je? Nani anakuigiza wewe?"

Nikamwambia yupo msimulizi, yule anayekimbia kutafuta msaada.

"Huyo simjui. Nauliza yule wa nyuma ya tangi."

Sikujua, mpaka dakika ile, kwamba aliniona.

Tangu simu hiyo nimerudia kusoma riwaya mbili ambazo nilizisoma zamani bila kuziuliza maswali magumu. Ya kwanza ni ya jirani zetu wa kusini. Gaël Faye alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba Mfaransa na mama Mnyarwanda, akaondoka kwenda Ufaransa mwaka 1995 kwa sababu ya vita. Utoto ule aliuimba kwanza, katika wimbo uitwao Petit Pays, yaani nchi ndogo. Mwaka 2016 akaufanya riwaya yenye jina hilo hilo, ikapata tuzo ya Goncourt inayotolewa na wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa. Mwaka 2020 Éric Barbier akaifanya filamu, iliyopigwa Rwanda badala ya Burundi. Kumbukumbu moja, basi, imepita njia tatu. Mimi niliisoma hapa Kampala katika tafsiri ya Kiingereza, kwa siku mbili, nikiwa nimelala kitandani na mguu uliotegukа.

Kwa muda mrefu kitabu hicho ni cha raha. Mtoto Gabriel na wenzake wanaiba maembe ya majirani, wanaogelea, wanapiga soga katika gari bovu. Kisha vita vinaingia hadi kwenye kichochoro chao. Karibu na mwisho, baba wa mmoja wa wale watoto ameuawa, na kundi limemkamata mtu wanayemtuhumu, wamemfungia ndani ya teksi na kuimwagia petroli. Gabriel anapewa kiberiti cha gesi na kushurutishwa. Anakirusha.

Faye amesema waziwazi kwamba riwaya yake si tawasifu na kwamba Gabriel si yeye. Nilipoisoma mara ya kwanza maneno hayo yalinipita. Safari hii yalinisimamisha. Mwandishi mwenye uhuru wote wa kubuni, anayeweza kumtoa mtoto wake salama mwanzo hadi mwisho, amechagua kumtia kiberiti mkononi.

Riwaya ya pili iliandikwa hapa hapa mjini. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alikuwa mwanafunzi wa Makerere alipoandika Weep Not, Child. Waandishi wa Afrika walipokutana chuoni hapo Juni 1962, kijana huyo alimpa Chinua Achebe muswada wake ausome. Kitabu kilitoka mwaka 1964. Ndani yake kuna utoto wa Limuru wakati wa Hali ya Hatari: ndugu aliyekwenda msituni, mama anayetaka mwanawe asome kwa kila hali. Lakini tazama alichokifanya. Ngũgĩ mwenyewe alivuka akafika Makerere. Njoroge wake hakufika. Anatolewa shuleni, anateswa, anavunjika moyo hadi kutaka kujiua, na kurasa za mwisho anajiona mwoga. Mwandishi aliyefaulu amembebesha mtoto wake kushindwa kote ambako yeye alikukwepa.

Mimi nilifanya kinyume. Nilikuwa na hatia ya kweli, nikaitumia sanaa kuihamishia kwa mtu wa kubuni. Nilikuwa nimesimama, nikajipa miguu ya kukimbia.

Hapo nikaona kwamba kosa langu halikuwa kubadili mambo. Riwaya isiyobadili kitu ni taarifa ya polisi, na hata hiyo, tunaoishi Kampala tunajua. Jambo la kuangalia ni uongo unaelekea wapi, yaani baada ya mwandishi kubuni alichobuni, ni nani amepunguziwa mzigo na ni nani ameongezewa. Uzuri wa sentensi haujibu hilo. Hadithi yangu ilipata alama nzuri, na wasomaji wawili waliniambia walilia. Walilia kwa ajili ya mvulana aliyechelewa kwa sababu ya mvua.

Najua mtu anaweza kuichukua hoja hii akaiharibu. Atasema: basi kila mwandishi ajipake matope na atakuwa mwema. La. Wapo wanaojipaka matope ili wasifiwe kwa unyofu wao, na toba ya namna hiyo nayo ni maringo. Mtu anaweza kuandika kurasa mia kuhusu uovu wake, na aliyeumizwa akabaki kivuli tu, kisingizio cha mwandishi kujichunguza. Nilipoanza kuisahihisha hadithi baada ya simu ile, rasimu yangu ya kwanza ilikuwa hivyo hasa. Mimi nyuma ya tangi, mimi na moyo wangu, mimi usiku sipati usingizi. Mkono uliovunjika ulikuwa na sentensi moja.

Filamu inaongeza jambo ambalo riwaya haina. Msomaji hujitengenezea sura mwenyewe, na sura anayoitengeneza haipo popote, haina jirani wala shangazi wa kumtambua. Kamera haiwezi. Lazima itafute kijana mwenye pua na magoti, imvalishe fulana, imsimamishe kwenye udongo wa mtaa fulani. Mwongozaji akisema "chukua", mtu mmoja amekuwa mtu mwingine mbele ya majirani zake.

Katwe iko jirani na kwetu, na jambo hili tuliliona kwa macho. Maisha ya Phiona Mutesi, binti wa Katwe aliyejifunza sataranji kwa mwalimu Robert Katende, yaliandikwa kitabu na Mmarekani Tim Crothers mwaka 2012. Mwaka 2016 Mira Nair akayafanya filamu, Queen of Katwe, na kuna sehemu zilizopigwa Katwe kwenyewe. Phiona alikuwa bado kijana, mama yake yu hai, na hapo hapo Lupita Nyong'o ni mama yake kwa saa mbili mbele ya ulimwengu mzima. Wapo wanaoilalamikia filamu hiyo kwamba imeipaka Katwe rangi nyingi mno. Mimi siyo hoja inayonishughulisha. Kinachonigusa ni mwisho wake. Majina yanapopita, watu wenyewe wanatokea, mmoja mmoja, na kusimama pembeni ya wachezaji waliowaigiza: Phiona halisi na Madina Nalwanga, msichana wa Kampala ambaye hakuwa amewahi kucheza filamu, mama halisi na Lupita. Mtazamaji anaona tofauti ya uso na uso, anajua kwamba alichokitazama kilikuwa mfano, na wenye mfano wapo. Nilipoitazama tena mwezi uliopita nilijiuliza kama rafiki yangu angekubali kusimama hivyo, na pembeni ya nani ningesimama mimi.

Sasa kuna pingamizi ambalo sitaki kulipita haraka. Ukisema mwandishi aombe ruhusa kwa kila mtu aliye ndani ya kumbukumbu zake, hakuna kitu kitakachoandikwa juu ya mambo mazito. Faye angemwomba nani? Waliouza silaha? Waliofunga njia na kukagua vitambulisho? Ngũgĩ angemwomba ruhusa ofisa wa kikoloni? Wenye nguvu wangependa sana sheria hiyo. Kwa hiyo siamini kwamba waliomo wote wana haki sawa. Aliyepiga hana kura juu ya namna kipigo kitakavyosimuliwa. Wale vijana wanne au watano sitawauliza, ingawa mmoja sasa ni mtu wa heshima na hunisalimia kwa furaha. Aliyepigwa ana haki, na naiona kubwa kuliko yangu mimi mwenye kalamu, kwa sababu mimi nikikosea nitaandika tena, na yeye hana mwili mwingine.

Mgumu kwangu ni mama wa mkaa. Alipiga yowe, na yowe lile ndilo lililovunja mkono. Lakini aliibiwa, tena na mimi. Nikamwibia fedha, halafu miaka 12 baadaye nikampa ukatili na sauti ya kukwaruza ambayo hakuwa nayo. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu. Alifariki wakati nasoma sekondari, na sijui watoto wake walikwenda wapi. Wafu hawasomi muswada. Nimeufuta ukatili huo katika hadithi, na bado sioni kama nimemlipa kitu.

Ngũgĩ, miaka 13 hivi baada ya kuondoka Makerere, alijifunza jambo ambalo chuo hakikumfundisha. Mwaka 1977, kijijini Kamĩrĩĩthũ, yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walikuwa wameandika tamthilia kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, na wanakijiji, wakulima na vibarua wa viwandani, ndio waliokuwa wakiiigiza. Watu hao hawakukaa kimya kusifu. Walisahihisha. Mzee alisema hivi sivyo wazee tunavyozungumza. Mfanyakazi alisema kazi ya kiwandani haiko hivyo. Mswada ukabadilika mikononi mwa wale waliokuwa wakisimuliwa. Serikali iliipiga marufuku tamthilia hiyo na mwisho wa mwaka Ngũgĩ akawekwa kizuizini. Wengi wetu tunapokikumbuka kisa hiki tunakumbuka kizuizini. Mimi siku hizi namkumbuka yule mzee aliyesema sivyo.

Siku ya Jumanne nilikwenda steji na mswada wa filamu. Tuliketi kwenye benchi nyuma ya pikipiki, nikamsomea kwa kuutafsiri papo hapo kwa Kiluganda. Nilikuwa nimekuwa VJ wa uongo wangu mwenyewe, na yeye ndiye hadhira. Alicheka mahali pawili ambapo sikukusudia kichekesho.

Kisha akaanza. Kwanza, hakukuwa na mvua. Ilikuwa kiangazi, vumbi tupu, na anakumbuka kwa sababu vumbi liliingia mdomoni. Pili, alikuwa amevaa fulana ya njano, na aliipenda, na haikushoneka tena. Tatu, hakulia. Nikamwambia mimi nakumbuka alilia. Akasema, "Uliyekuwa unalia ni wewe. Nilikusikia." Hapo sikubishana. Siwezi kujua nani kati yetu anakumbuka sawa, na nadhani katika filamu hakuna atakayelia.

"Na mjomba wako," akaongeza, "hakuwahi kukupa hata mia." Alikuwa amejua tangu jioni ile ile.

Nikamwomba msamaha. Sitaeleza maneno niliyotumia, hayakuwa mazuri wala marefu. Alitikisa kichwa, akamjibu abiria mmoja kwamba bei ya kwenda Kabalagala imepanda, akanirudia.

"Kuna kitu hamna kwenye filamu yenu. Mama alilipa zile elfu tano."

Sikuelewa.

Mama yake wakati ule alikuwa akifua nguo za watu Muyenga. Aliporudi usiku na kumkuta mwanawe mkono umening'inia, jambo la kwanza alilofanya, kabla ya kutafuta hela ya hospitali, ni kwenda kwa mama wa mkaa kuomba radhi. Aliamini mwanawe ameiba. Akaahidi kulipa, akalipa kidogo kidogo kwa miezi minne. Rafiki yangu hakumwambia ukweli. Nilipomuuliza kwa nini, alisema mama angekwenda kugombana na mama yangu, na mama yangu ndiye aliyekuwa akitupa maji ya bomba bure.

Hili silo jambo ambalo ningeweza kulibuni, wala kulikumbuka, kwa kuwa halikuwa kwangu. Lilikuwa upande wa pili wa ukuta mmoja. Nilikuwa nimeandika kurasa 40 kuhusu siku ile nikiamini kwamba ninaijua, na kiini chake kililala nyumba ya jirani. Siri ya mtungi aijuaye kata. Hadi wiki ile nilidhani kumwuliza aliyeumia ni adabu tu, kama kubisha hodi. Kumbe nisingejua hata kilichotokea.

Filamu imesimama kwa sasa. Rafiki yangu hajaizuia. Amesema hata angependa kuiona kibandani, na VJ aongeze maneno. Ila ana sharti moja, kwamba mama yake aambiwe kabla. Bado yuko Nsambya, amezeeka, na bado anaamini. Nilimuuliza rafiki yangu elfu tano ya wakati ule ni ngapi leo. Akasema nikamuulize mama.

Nimepanga kwenda Jumapili baada ya ibada. Mwenzetu wa kamera ameniomba aje nami, akae kimya pembeni, apige picha kidogo tu. Nimemwambia abaki nyumbani.